Mtandikie Mtoto Chini Acheze

Mimi ni muuguzi wa jamii katika zahanati moja hapa Kaunti ya Nakuru. Leo nakuomba wewe mama, wewe nyanya unayebaki na wajukuu, na wewe yaya unayeshinda na mtoto mama akiwa kazini, usogee karibu na redio. Na baba pia, kama uko hapo. Tutazungumza juu ya mtoto mchanga na jinsi anavyojifunza kujigeuza, kukaa, kutambaa na kusimama, na vile sisi wakubwa tunavyoweza kumsaidia bila kumsukuma.

Jambo hili akina mama huniuliza kwa sauti ya chini. Huniuliza siku ya chanjo. Foleni ni ndefu, watoto wanalia, mama anafika mbele yangu na mtoto wa miezi 9 aliyekuja kudungwa sindano ya surua. Nikishamaliza, badala ya kuondoka, anainama na kuniambia: "Sista, huyu wangu bado hatambai. Wa jirani walizaliwa wiki moja, na sasa anasimama dede akishika kiti. Nifanye nini?"

Kabla sijafungua mdomo, benchi lote limeshajibu. Mmoja anasema mnunulie woka, kile kigari cha magurudumu cha kumtembeza mtoto. Mwingine anasema mkalishe kwenye beseni, umzungushie mito. Wa tatu anasema mvute mikono kila asubuhi mpaka miguu ishike nguvu. Yule mama anaondoka na mashauri matatu na wasiwasi mmoja.

Mimi huanza na swali. Mama, huyu mtoto kwa siku hukaa chini kwa muda gani? Sisemi mgongoni, wala kitandani, wala kwenye kiti. Nasema chini, sakafuni, akiwa macho na mwenye furaha. Wengi hunyamaza kwanza. Halafu hunijibu: "Chini? Chini kuna baridi, Sista. Tena kuna uchafu."

Basi hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanzia.

Mtoto anapozaliwa hana uwezo juu ya mwili wake. Mikono inaruka ovyo, kichwa ni kizito, shingo ni laini. Nguvu na uwezo huja kwa kushuka kutoka juu. Kwanza shingo inashika. Halafu mabega na mikono. Halafu mgongo. Halafu nyonga, na mwisho miguu. Kila hatua inajengwa juu ya ile iliyotangulia, kama vile fundi asivyoweza kuweka mabati kabla kuta hazijasimama. Na kila hatua mtoto huipata kwa kujaribu mara nyingi sana. Mtazame mtoto wa miezi 4 anayetaka kujigeuza. Anainua miguu, anaishika, anaanguka upande, anarudi chali, anainua tena. Wewe unaona anacheza tu. Lakini tumbo lake linakaza, mgongo unajipinda, jicho linapima umbali. Hiyo ndiyo shule yake, na hakuna anayeweza kumsomea.

Sasa, shule hiyo inataka sakafu. Godoro laini linammeza; akisukuma kwa mguu, mguu unazama. Mtoto anataka kitu kigumu kidogo cha kusukumia. Tandika mkeka, au gunia lililofuliwa vizuri na kuanikwa juani, juu yake blanketi iliyokunjwa mara moja, na juu kabisa leso safi. Hapa kwetu asubuhi ni baridi, kwa hiyo ngojea jua litoke, au chagua ile kona isiyopigwa na upepo wa mlango. Na tafadhali, usimvalishe masweta matatu na ovaroli juu mpaka mtoto hawezi kukunja goti. Nguo nyepesi zinazopanuka zinatosha, na soksi zivue akianza kujisukuma, kwa sababu vidole vya miguu ndivyo breki zake.

Mlaze chali kwanza. Akiwa chali anaona pande zote, anaona mikono yake mwenyewe, na kichwa chake kinaegemea bila kuchoka. Halafu, mara kadhaa kwa siku, mlaze kifudifudi kidogo, wewe ukiwa hapo hapo. Mtoto wa wiki chache anaweza kuanza kifuani kwako, ukiwa umejilaza nusu. Atainua kichwa akutazame uso. Dakika 2 au 3 zinatosha mwanzoni. Akianza kunung'unika, mrudishe chali, umpumzishe, umjaribu tena baadaye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, linasema mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kujisogeza mwenyewe apate jumla ya angalau dakika 30 za kulala kifudifudi kila siku akiwa macho, zikigawanywa vipande vipande. Mwongozo huo huo unasema asifungwe mahali pamoja, kama vile kwenye kiti au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo.

Nasisitiza akiwa macho. Wakati wa kulala usingizi, mlaze chali, mchana na usiku, maana mtoto mchanga anayelala usingizi kifudifudi yuko katika hatari ya kukosa pumzi.

Na najua kuna mama amekasirika niliposema mgongoni. Mama, sikukatazi kumbeba mtoto mgongoni. Mimi mwenyewe nililelewa mgongoni, na wanangu vivyo hivyo. Mtoto mgongoni anapata joto, anasikia sauti yako, na ile miguu iliyopanuka kukuzunguka kiuno ni mizuri kwa nyonga zake. Ninachosema ni kwamba mgongo wako ni wa kumsafirisha na kumbembeleza. Hauwezi kuwa sakafu yake. Ukifika ulikokuwa unakwenda, mfungue, umtandikie, hata kama ni pembeni mwa shamba kwenye kivuli ambako umekagua hakuna siafu.

Tuje kwenye kukalishwa. Hili ndilo tunalolipenda sana. Mtoto akifika miezi 4, tunamkalisha kwenye kona ya kiti, mto huku na mto kule, tunapiga picha, tunasema amekaa. Hajakaa. Amekalishwa. Tazama mgongo wake umepinda kama upinde na kidevu kimegusa kifua. Kichezeo chake kikibingirika mbali hatua moja, hawezi kukifuata. Akianguka, anaanguka kama kigogo kwa sababu hajui njia ya kushuka. Hana la kufanya ila kulia mpaka mtu aje.

Sasa mtazame aliyejikalisha mwenyewe. Alianza kulala ubavu, akajiinua kwa kiwiko, akasukuma kwa kiganja, siku moja akajikuta ameketi. Huyu anajua njia ya kupanda na njia ya kushuka. Akitaka kitu, anarudi chini na kukiendea. Amechelewa pengine mwezi mmoja au miwili kuliko wa jirani, lakini hana haja ya kuitiwa mtu.

Kuna daktari mmoja wa watoto, mwanamke, aliyeitwa Emmi Pikler. Mwaka wa 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili, alifungua nyumba ya kulelea watoto wachanga mjini Budapest, nchini Hungary. Aliwaagiza walezi wake kwamba mtoto asikalishwe kabla hajajikalisha, wala asisimamishwe kabla hajajisimamisha. Alazwe chali mahali penye nafasi, avalishwe nguo zisizombana, na vitu vya kuchezea viwekwe karibu naye. Na wakati wa kumlisha, kumwosha na kumvalisha, mlezi amtazame machoni na kuzungumza naye bila haraka. Watoto wale walijigeuza, wakatambaa, wakakaa, wakasimama na wakatembea, na hakuna aliyewavuta mikono.

Hapo nyanya mmoja atasema, "Sista, hayo ni ya Wazungu. Sisi watoto wetu tuliwafundisha kukaa na kutembea, na walitembea vizuri." Ni kweli, nyanya, na hata imeandikwa. Miaka ya 1970 mtafiti kutoka Marekani, Charles Super, alikaa na familia za Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, huko Bonde la Ufa, na mwaka wa 1976 akachapisha aliyoyaona. Akina mama wale walikuwa wakifundisha watoto wao kukaa, kwa kuwachimbia shimo fupi ardhini la kuwashikilia au kuwazungushia blanketi, na baadaye wakiwafundisha kutembea. Kweli watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hawakufundishwa, hakukuja mapema.

Mimi nimelifikiria jambo hili sana, kwa sababu sipendi kumwambia nyanya wa mtu kwamba alikosea wakati wajukuu wake wanapanda miti. Ninavyoona, yale mafundisho yalikuwa mchezo. Mtoto alikuwa nje kwenye nyasi, ndugu zake wakimzunguka, mama au dada akiimba na kumshika kwa mikono, na mtoto akichoka anainuliwa. Mtoto anayejisukuma kwa miguu juu ya mapaja yako huku akicheka, endelea naye. Ni yeye amekuomba. Akigeuza uso, akilegea au akilia, amesema basi. Mwache. Kosa ni kuendelea wakati yeye amemaliza, au kumwacha katika mkao asioweza kutoka, huku sisi tukienda na shughuli zetu.

Na hapo ndipo ninapoigombanisha woka. Acha nikueleze yaliyonipata.

Mwanangu wa kwanza alipofika miezi 8, nilinunua woka ya mtumba. Nilikuwa tayari nimemaliza diploma yangu ya uuguzi, nikidunga watoto wa watu sindano kila siku, lakini nilikuwa mama mpya na nilitaka wangu awe mbele. Tena ilinifaa. Nilimweka ndani yake nikafua, nikapika, naye akizunguka chumba akicheka. Tuliishi chumba kimoja kwenye ploti, na jiko la makaa nililiweka karibu na mlango ili moshi utoke. Jioni moja niliinama kuchukua majani ya chai kabatini. Sikumaliza hata kufungua mkebe. Alikuwa upande wa pili wa chumba, na mara nikasikia sufuria. Chai ilimmwagikia mkono wa kushoto na sehemu ya kifua.

Alipona. Kovu liko mpaka leo kwenye mkono. Mtoto kwenye woka anaweza kwenda zaidi ya mita moja ndani ya sekunde moja, na hakuna mama mwenye mbio hizo akiwa ameinama. Canada ilipiga marufuku kuuza woka za watoto mwaka wa 2004. Hapa kwetu bado zinauzwa, mpya na za mitumba.

Nikiwa bado hapo kwenye kuungua: mtoto akimwagikiwa na kitu cha moto, vua nguo iliyolowa kama haijashikana na ngozi, mwagilie sehemu hiyo maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike sehemu nyingine asipate baridi, halafu mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, wala siagi, wala unga, wala yai.

Lakini kuna jambo la pili nililoliona baada ya ajali ile. Niliitupa woka, mkono ulipopona nikamtandikia chini. Alilia. Alilala pale kama kobe aliyepinduliwa, mikono hewani, akiningojea nimwinue. Mtoto wa karibu miezi 9 hakujua kujigeuza kutoka chali! Mimi nilidhani yuko mbele kwa kuwa alikuwa akienda huku na huku. Magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakienda. Yeye alikuwa akisukuma kwa ncha za vidole tu, nyonga zimekaa kwenye kitambaa, tumbo na mgongo havifanyi kazi yoyote. Woka haimfundishi mtoto kutembea mapema. Inaweza hata kumchelewesha.

Ilinichukua kama wiki 3. Siku ya kwanza nililala chini karibu naye, uso kwa uso, dakika 5, akalia, nikambeba. Siku ya pili vivyo hivyo. Niliweka mwiko karibu na mkono wake. Sikumpa mkononi, niliuweka mahali ambapo angeufikia akinyoosha kidogo. Siku ya nne au ya tano aliufikia. Baadaye akajigeuza kuufuata, akabaki kifudifudi, akashangaa, mimi nikashangaa zaidi. Alitambaa akiwa na miezi 11 na akatembea akiwa na miezi 15. Mama mkwe wangu alisema nimemchelewesha mtoto kwa elimu yangu. Nilinyamaza, kwa sababu heshima ni heshima.

Sasa tuzungumze kuhusu kucheza naye. Akina mama wengi hufikiri kucheza na mtoto ni kumpa vitu vya dukani. Mtoto wa miezi 3 kichezeo chake kikubwa ni uso wako na mikono yake mwenyewe. Wa miezi 5 mpe leso ndogo iliyofungwa fundo katikati, au kifuniko cha plastiki. Wa miezi 8 mpe sufuria ndogo na kijiko, vikombe vitatu vya plastiki vinavyoingiana, chupa ya plastiki tupu yenye maharagwe machache ndani, kifuniko umekikaza mpaka mtu mzima ashindwe kukifungua kwa urahisi. Vitu viwili au vitatu kwa wakati mmoja vinatosha. Ukimrundikia kumi hatashika hata kimoja.

Kisha kaa utazame. Hili ndilo gumu kwetu. Mtoto anakitazama kikombe, ananyoosha mkono, hakifikii, anaguna. Mkono wako unawasha, unataka kumpa. Ngoja kidogo. Mwambie, "Nakuona, unakitaka kikombe." Mara nyingi atasukuma kwa mguu na kukifikia. Akikasirika kweli, sogeza kikombe karibu kidogo, usimtie mkononi. Akiacha kikombe na kutazama kuku anayepita mlangoni, basi kuku ndiye somo la sasa. Mfuate yeye, umtajie jina la kile anachokiona. Akigeuza kichwa, akipiga miayo, akisugua macho, shule imefungwa.

Vitu vyote ulivyomwekea vikague. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya kile kigogo cha karatasi ya choo kinaweza kumkaba koo. Vifungo, sarafu, betri ndogo za saa, mahindi, karanga, vyote viondolewe. Mtoto anayejigeuza leo atakuwa mlangoni kesho, kwa hiyo kabla ya kumtandikia, piga magoti wewe mwenyewe utazame chumba kwa urefu wake. Utaona waya wa stima unaoning'inia. Utaona beseni la maji ya kufulia, na mtoto anaweza kufa maji katika maji yasiyofika kiganja. Utaona ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa chini ya meza. Tumewapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa, wazazi wao wakiwa hatua mbili tu kutoka kwao. Ipandishe juu, na usiiweke tena kwenye chupa ya kinywaji. Jiko liwe nje, au mahali lilipozungushiwa kitu.

Kuhusu uchafu, fagia, pangusa sakafu, fua leso, nawisha mikono yake kabla ya kula. Kuku na mbuzi watafute sehemu yao. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kumbeba mtoto wa kilo 8 kutwa nzima.

Kama unamwacha mtoto kwa mama anayelea watoto wengi, nenda siku moja mapema bila kutangaza. Ukikuta watoto wamepangwa kwenye viti na mabeseni kutwa, zungumza naye kwa upole. Mpelekee mkeka kama hana. Watoto wawili wa umri mmoja wakilazwa kwenye mkeka mmoja watachezeshana wenyewe, na kazi yake itapungua.

Sasa nirudi kwa yule mama wa foleni, maana bado anangoja jibu. Je, miezi 9 bila kutambaa ni ugonjwa?

Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya kutoka nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walikaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na miezi 9 hivi. Walitambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu. Walitembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Ona upana huo! Mtoto wa jirani anaweza kutembea na miezi 9, na wako na miezi 16, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Tena watoto karibu 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walijisukuma kwa makalio au walipita moja kwa moja wakasimama.

Kwa hiyo yule mama nilimwambia atandike leso, tukaonana tena baada ya mwezi.

Lakini usichukue maneno hayo ukalala nayo. Kuna kuchelewa kwa kawaida, na kuna dalili. Mlete mtoto kliniki, usingoje tarehe ya chanjo, ikiwa amefika miezi 4 na shingo haijashika, au ngumi zake zimekunjwa wakati wote. Mlete ikiwa amefika miezi 9 na hawezi kukaa bila kushikiliwa, au ana miezi 18 na hatembei. Mlete ikiwa miguu inakaza na kupishana kama makasi unapombadilisha nepi, au mwili umelegea sana ukimwinua anakuponyoka. Mlete upesi sana ikiwa kuna jambo alilokuwa akiliweza na sasa haliwezi tena. Na kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, au alipata manjano kali, au aliugua homa ya uti wa mgongo, tuambie, hata kama sasa anaonekana mzima.

Dalili moja watu huipuuza. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 8. Kwa macho alikuwa mzuri, mnene, anacheka. Mama akasema: "Nikimtandikia chini, anachukua vitu kwa mkono wa kulia peke yake. Hata kijiko kikiwa upande wa kushoto, anavusha mkono wa kulia. Na anajigeuza upande mmoja tu." Nyumbani walimwambia ni mtu wa mkono wa kulia kama babake. Lakini mtoto chini ya mwaka mmoja hutumia mikono yote miwili. Akiuchagua mmoja mapema hivyo, inawezekana ule mwingine una shida. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Ilionekana ana udhaifu wa upande wa kushoto uliotokana na ubongo, akaanzishiwa mazoezi ya viungo akiwa bado mdogo. Alianza kutembea karibu na miaka miwili. Anachechemea kidogo, lakini anakwenda.

Yule mama hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na leso na alikuwa na macho. Kama mtoto yule angeshinda mgongoni na kwenye kiti, huenda tungeligundua jambo hilo akiwa na miaka miwili au mitatu, na kuna majirani ambao wangekuwa tayari wameshasema amerogwa.

Mtoto mwenye shida kama hiyo anahitaji kushikwa na kunyooshwa kwa namna maalumu, na huko fuata maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usimkandekande kwa kubahatisha, wala usikubali avutwe viungo na mtu asiyejua.

Nimebakiwa na dakika chache, nijibu swali moja. Msikilizaji wetu mmoja aliuliza kuhusu mtoto wake aliyezaliwa na miezi 7 ya ujauzito. Sasa ana miezi 6 na bado hajigeuzi. Mama, mtoto wako alitoka miezi 2 kabla ya wakati, basi toa hiyo miezi 2. Kwa mambo ya kukaa na kutambaa mhesabu kama mtoto wa miezi 4, na uendelee kumhesabu hivyo mpaka afike miaka miwili. Kwa chanjo usitoe kitu, fuata tarehe zilizoandikwa kwenye kijitabu chake cha kliniki. Mtandikie kifuani kwako kwanza, halafu chini, na ukija kupima uzito mwambie muuguzi kwamba alizaliwa kabla ya wakati, ili amtazame kwa makini.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya uji na vyakula vya kwanza vya mtoto wa miezi 6.